Sura Angavu, Mandhari ya Ukungu: Sanaa ya Picha za Sura kwa Kamera ya Kihisi Kidogo

Utangulizi

Picha ya sura ni miongoni mwa tanzu kongwe za sanaa ya upigaji picha. Lengo lake kuu ni kumfanya mtazamaji akutane na mtu kabla ya kukutana na kitu kingine chochote. Ili kulifikia lengo hilo, wapiga picha wengi wa leo hupendelea mtindo ambao uso wa mhusika huonekana waziwazi, hata kope zake zikaweza kuhesabika, ilhali kila kilichoko nyuma yake huyeyuka na kuwa ukungu laini wa rangi. Mtindo huu umeenea katika mabango ya matangazo, majalada ya majarida, picha za harusi na zile za mahafali.

Hata hivyo, mtindo wenyewe umezungukwa na imani inayowagharimu wengi. Kijana anayeanza kujipatia riziki kwa kamera huambiwa kwamba ukungu wa namna hiyo haupatikani isipokuwa kwa kamera ya kihisi kamili. Kihisi ni kile kibamba kilichomo ndani ya kamera ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Hukaa mahali pale pale palipokuwa pa filamu katika kamera za zamani. Maadamu kamera ya kihisi kamili ni ghali, kijana huyo aghalabu huishia kukopa, au huiweka kazi kando akiingoja siku atakayoimudu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo ina chembe tu ya ukweli, na kwamba sehemu kubwa ya ukungu unaotamaniwa hutokana na kitu kisichouzwa katika duka lolote, nacho ni umbali.

Kihisi Kidogo ni Nini?

Kihisi kamili kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Vipimo hivi vilirithiwa kutokana na filamu ya milimita 35, ambayo kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka wa 1925 iliipa umaarufu mkubwa katika upigaji picha. Kamera za dijitali zilipoanza kuwafikia watu wa kawaida, vihisi vya ukubwa huo vilikuwa vigumu na ghali kutengeneza. Kwa hiyo, kamera kama vile Canon EOS 300D ya mwaka wa 2003 na Nikon D70 ya mwaka wa 2004 zilitumia kihisi kidogo zaidi. Hadi leo, kihisi kidogo cha Nikon na Sony hukaribia milimita 23.5 kwa 15.6, ilhali kile cha Canon hukaribia milimita 22.3 kwa 14.9. Eneo la vihisi hivi halifiki nusu ya eneo la kihisi kamili.

Athari ya kwanza ya udogo huu ni kwamba kihisi hunasa sehemu ya katikati tu ya taswira ambayo lenzi imeileta, na pembezo zikaachwa nje. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 hutoa mwono sawa na ule ambao lenzi ya milimita 75 hutoa katika kihisi kamili, au milimita 80 endapo kamera ni ya Canon. Kwa mpiga picha za sura, jambo hili ni neema iliyojificha. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, hugeuka kuwa lenzi ya sura bila ya gharama ya ziada.

Athari ya pili ndiyo iliyozua imani iliyotajwa. Ni kweli kwamba, mhusika akiwa mahali pamoja na akijaza fremu kwa kiasi kimoja, kihisi kidogo hutoa ukungu hafifu kuliko kihisi kamili iwapo lenzi zote mbili zimefunguliwa hadi namba moja. Lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8 katika kihisi kidogo hutoa ukungu sawa na ule wa lenzi ya milimita 75 iliyofunguliwa hadi f/2.7 katika kihisi kamili. Katika lugha ya wapiga picha, hiyo ni hatua moja na kidogo tu, ambapo hatua moja ni kiasi cha kuuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Hakuna mteja atakayeitazama picha iliyopigwa kwa kipimo cha f/2.7 akalalamika kwamba ukungu wake haukutosha.

Nguzo Nne za Ukungu

Ukungu wa nyuma ya mhusika hutegemea nguzo nne. Ya kwanza ni tundu la lenzi, yaani uwazi ambao mwanga hupitia. Namba iandikwayo kwa herufi f huwatatiza wanagenzi kwa sababu hukua tundu linapopungua. Siri yake ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo: urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 katika f/1.8 ina tundu la takriban milimita 28. Lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, ambayo huuzwa pamoja na kamera nyingi, hufika f/5.6 inapovutwa hadi mwisho. Tundu lake hapo ni takriban milimita 10. Kadiri tundu linavyopanuka ndivyo ukungu unavyozidi.

Nguzo ya pili ni urefu wa fokasi. Lenzi ndefu huikuza mandharinyuma pamoja na ukungu wake. Nguzo ya tatu ni umbali baina ya kamera na mhusika. Kadiri kamera inavyomkaribia mhusika ndivyo kina cha fokasi, yaani ule ukanda wa mbele hadi nyuma ambao vitu huonekana wazi ndani yake, kinavyopungua. Kwa lenzi ya milimita 50 katika f/1.8 na kihisi kidogo, kina hicho ni takriban sentimita 25 mhusika akiwa mita 3 kutoka kwa kamera, sentimita 11 akiwa mita 2, na hakifiki sentimita 3 akiwa mita 1.

Nguzo ya nne ni umbali baina ya mhusika na kile kilichoko nyuma yake. Nguzo hii ndiyo isiyohitaji hata senti moja, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mara nyingi mhusika husimamishwa akiwa ameuegemea ukuta, kisha mpiga picha akailaumu kamera yake kwa kukosa ukungu. Ukuta ulio hatua moja nyuma ya mtu hauwezi kuwa mbali na fokasi kwa kiasi cha kuridhisha, hata kama kamera ingekuwa ghali namna gani.

Hesabu ya Umbali

Dai hili linaweza kuthibitishwa kwa hesabu nyepesi. Nukta ya mwanga iliyoko nyuma ya mhusika, kwa mfano taa au mwanya baina ya majani, huonekana pichani kama doa la mviringo. Ukubwa wa doa hilo ndio kipimo cha ukungu. Doa hukua kulingana na sehemu fulani ya umbali: umbali wa kutoka kwa mhusika hadi mandharinyuma, ukigawanywa kwa umbali wote wa kutoka kwa kamera hadi mandharinyuma hiyo. Mhusika akiwa mita 2 kutoka kwa kamera na ukuta ukiwa mita 1 nyuma yake, sehemu hiyo ni theluthi moja. Ukuta ukisogezwa hadi mita 2 nyuma yake, sehemu hiyo hufika nusu. Miti iliyo mita 8 nyuma yake huifikisha sehemu hiyo hadi nne kwa tano. Kinachobaki hapo ni moja kwa tano tu, hata kama mandharinyuma ingesogezwa hadi upeo wa macho.

Sasa na zilinganishwe lenzi mbili zilizotajwa, mhusika akiwa mita 2 kutoka kwa kamera na akionekana kuanzia kichwani hadi kiunoni. Lenzi ya f/1.8, ukuta ukiwa mita 1 nyuma ya mhusika, hutoa doa lenye upana wa takriban asilimia 1 ya upande mrefu wa picha. Lenzi ile ya kuvuta, ikiwa katika milimita 55 na f/5.6, hutoa doa la asilimia 0.4 mbele ya ukuta huo huo. Hadi hapo, mwenye lenzi bora ameshinda. Lakini mhusika wa lenzi ya kuvuta akihamishwa na kusimamishwa mahali ambapo mandharinyuma iko mita 8 nyuma yake, doa hukua na kukaribia asilimia 1, sawa na lile la lenzi bora iliyobaki ukutani. Mpiga picha akimkaribia mhusika hadi mita 1.2, ili kichwa na mabega viijaze fremu, doa hufika takriban asilimia 1.7. Kwa maneno mengine, hatua chache za miguu zimefanya kazi iliyodhaniwa kuwa ya maelfu ya shilingi.

Hii haimaanishi kwamba lenzi bora haina faida. Lenzi ya f/1.8 ikipewa nayo zile mita 8, doa lake hufika takriban asilimia 2.4. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo za kutumia hushauriwa kununua lenzi ya namna hiyo kabla ya kufikiria kubadilisha kamera. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 huongeza ukungu zaidi kwa mandharinyuma ya mbali, ila inahitaji nafasi: kupata mwono ule ule wa kichwa hadi kiunoni, mpiga picha hulazimika kurudi nyuma hadi takriban mita 3.4. Katika studio finyu za miji yetu, nafasi hiyo ni adimu.

Tahadhari moja inafaa kutolewa hapa. Kumkaribia mhusika kuna mpaka. Kamera ikiwa karibu mno, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na mhusika asijitambue. Kosa hili huwakumba hasa watumiao lenzi fupi ambao humsogelea mtu ili aijaze fremu. Kwa picha za sura, ni salama kutoshuka chini ya mita 1.

Jua la Ikweta na Tundu Pana

Tundu pana huingiza mwanga mwingi, na katika nchi iliyokatwa na ikweta jambo hili lina taabu yake. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, kitu kilichomulikwa na jua kali hupata mwanga wa kutosha katika f/16 na kasi ya shata ya sehemu ya 100 ya sekunde, wepesi wa kihisi ukiwa ISO 100. Tundu likipanuliwa hadi f/1.8, shata italazimika kukimbia kwa takriban sehemu ya 8000 ya sekunde. Kamera nyingi za bei nafuu hukomea sehemu ya 4000. Matokeo yake ni picha iliyoungua kwa weupe. Katika f/2.8, kasi inayohitajika ni takriban sehemu ya 3200, na kamera hizo huimudu.

Isitoshe, jua la saa sita mchana huanguka kutoka utosini. Soketi za macho hujaa giza na kipaji cha uso hung'aa kupita kiasi. Ukungu wa nyuma hata ungekuwa maridadi namna gani, hauwezi kuuokoa uso wa namna hiyo. Suluhisho ni kivuli kilicho wazi: chini ya mwembe, katika baraza, au upande wa jengo usiopigwa na jua. Mwanga wa kivulini huwa laini, na kwa kuwa ni haba, huruhusu tundu kufunguliwa kikamilifu. Saa ya mwisho kabla ya jua kuchwa hutoa neema hiyo hiyo hata nje ya kivuli, na majani ya nyuma yakipenyezwa na miale hugeuka madoa ya dhahabu.

Mpiga picha atumiaye kivuli sharti akumbuke jambo jingine. Kipimamwanga cha kamera hakijui rangi ya ngozi ya mtu. Hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama kivulini huku uwanja wa nyuma ukiwaka jua, kamera huupima uwanja na kuuacha uso ukizama gizani. Kinyume chake, uso mweusi ukiijaza fremu, kamera huung'arisha kupita kiasi na kuupotezea rangi yake halisi. Inafaa mwanga upimwe usoni, kisha mpiga picha aurekebishe kwa jicho lake mwenyewe hadi ngozi ionekane ilivyo. Kuionyesha ngozi ya mtu kama ilivyo ni sehemu ya heshima anayostahili.

Fokasi Iwe Jichoni

Kina cha fokasi kinapokuwa sentimita chache, kosa dogo huiharibu picha nzima. Kanuni ya msingi ni kwamba jicho lililo karibu zaidi na kamera ndilo linalopaswa kuwa wazi. Mtazamaji husamehe sikio lenye ukungu, lakini hasamehi jicho. Kwa hiyo, ni bora mpiga picha aichague mwenyewe nukta ya fokasi na kuiweka juu ya jicho, badala ya kuiachia kamera, ambayo pengine itaikamata pua au ukosi wa shati. Hali kadhalika, si vyema kuilenga fokasi kisha kuigeuza kamera ili kupanga fremu upya, kwani mgeuko huo mdogo unatosha kuutoa uso nje ya kina.

Kwa watu wawili au zaidi, tundu linafaa kupunguzwa hadi f/4 au f/5.6, na nyuso zipangwe katika mstari mmoja ulio sambamba na kamera. Ukungu utakaopotea kwa kulipunguza tundu unaweza kufidiwa kwa kuisogeza mbali mandharinyuma.

Mandhari, Mhusika na Maana

Msomaji wa fasihi hatakosa kuona mshabaha baina ya sanaa hizi mbili. Mwandishi wa riwaya huamua ni kiasi gani cha mandhari kitajwe na ni kiasi gani kiachwe kidokezwe tu. Mpiga picha naye, anapoifuta mandhari kwa ukungu, anatoa uamuzi wa kimaana. Anamwambia mtazamaji kwamba mtu huyu anatosha.

Uamuzi huo haukuwa wa lazima kwa kila kizazi. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka wa 1948, aliwapiga picha wateja mbele ya vitambaa vyenye nakshi vilivyoonekana wazi kabisa, na nakshi hizo zikazungumza na mavazi yao. Huku kwetu, wapiga picha waliofanya kazi karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, walijulikana kwa vibanda vilivyopambwa kwa mandhari za kuchorwa. Mteja alisimama mbele ya ulimwengu alioutamani, na ulimwengu huo ulipaswa kuonekana. Lau mapambo hayo yangefunikwa kwa ukungu, nusu ya maana ya picha ingetoweka. Kwa mintarafu hiyo, ukungu ni mbinu miongoni mwa mbinu. Si kipimo cha ubora. Fundi cherehani apigwaye picha katika kibanda chake huenda akahitaji cherehani yake ionekane, kwani ndiyo inayomtambulisha.

Suala la istilahi nalo lina nafasi yake. Wajapani huuita ukungu huu boke, na neno lao likaingia katika Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha likasambaa duniani. Kiswahili hakina haja ya kuliazima, kwa sababu neno ukungu lipo, na kila mkaazi wa nyanda za juu amewahi kuuona mlima ukimezwa nao asubuhi.

Ushindani wa Simu

Tangu mwaka wa 2016, simu ya iPhone 7 Plus ilipoleta hali maalumu ya kupigia picha za sura, simu nyingi zimeiga ukungu huu kwa programu. Programu hukisia mtu anaishia wapi, kisha hupaka ukungu sehemu iliyosalia. Jambo hili limewatia wasiwasi wapiga picha wa vyuoni na mitaani, ambao wateja wao sasa wana ukungu mfukoni. Hata hivyo, programu hukosea hasa pale penye kingo ngumu: nywele zilizotimka, fremu za miwani, herini, au kishada cha kofia ya mahafali. Ukungu wa lenzi hukua taratibu kulingana na umbali halisi; bega la nyuma hufifia kidogo, ukuta hufifia zaidi, na miti ya mbali ikapotea. Mpiga picha aielewaye kazi yake hutoa kitu ambacho programu hukikisia tu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kamera ya kihisi kidogo si kikwazo kwa picha ya sura yenye mvuto. Tundu lifunguliwe kadiri lenzi inavyoruhusu, lenzi ivutwe hadi mwisho wake, mhusika akaribiwe bila kupotoshwa uso, na mandharinyuma isogezwe mbali. Zaidi ya hayo, kivuli kitafutwe na jicho lilengwe kwa makini. Anayeyatimiza haya kwa kamera aliyo nayo hatakuwa na sababu ya kujitwika deni kwa ajili ya ile asiyo nayo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchagua jembe si mkulima. Shamba ni lile lile, na mvua imeshaanza kunyesha.